NESI ANATUKANA, MGONJWA ANALIA: MCHAWI WETU NI NANI?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Dar es Salaam

HIVI wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, mara yako ya mwisho kukanyaga zahanati ya serikali ilikuwa lini? Usinidanganye. Wengi wetu tunaishia getini. Tunamshusha mama, au dada mwenye mtoto mgongoni, halafu tunageuza pikipiki kurudi kutafuta riziki. Tukiumwa wenyewe tunakwenda duka la dawa la pale kona, tunamwambia muuzaji "nipe zile rangi mbili," tunameza na chai ya rangi na maisha yanaendelea. Jioni tukikutana tunasema zahanati ni mambo ya akina mama.

Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwezi wa tatu mwaka huu.

"MLIKUWA WAPI TANGU JUZI?"

Mtoto wa kaka yangu, umri miaka mitatu, alishikwa na homa Jumamosi usiku. Kaka ni utingo wa lori, wakati huo alikuwa njiani kuelekea Tunduma. Jumatatu alfajiri nikamchukua shemeji na mtoto tukaenda zahanati moja ya mjini hapa, ambayo jina lake naliweka kapuni kwa sababu nitakayoieleza huko mbele. Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Mbele yetu walikuwapo akina mama wapatao thelathini, kila mmoja na daftari mkononi, maana siku hizi cheti cha hospitali ni daftari la shule unalonunua mwenyewe. Dirisha likafunguliwa saa mbili. Tabibu alikuwa mmoja. Nesi naye alikuwa mmoja, huyo huyo anapima watoto uzito, huyo huyo anachoma sindano, huyo huyo anakimbilia dirishani kugawa dawa.

Zamu yetu ilifika saa sita mchana. Nesi alimtazama mtoto, akamtazama shemeji, kisha akatamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mlikuwa wapi tangu juzi? Mnazaa tu mkidhani serikali ndiyo baba wa watoto!"

Benchi zima kimya. Mama mmoja akacheka kwa kujipendekeza, ili zamu yake ikifika naye asitukanwe. Shemeji yangu ni mtu wa kusema, mtaani kwetu anajulikana, lakini siku ile alijifunika uso na khanga kama aliyefiwa.

Tukaingia kwa tabibu. Dakika hazikuzidi tatu. Hakumvua mtoto shati, hakumgusa kifua, wala hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Kipimo cha malaria kimekwisha, nendeni mkapime nje. Dawa nazo mkanunue nje. Na "nje" msomaji unaijua: ni kwa watu binafsi, kwa hela yako. Huko nje wakatuambia ni nimonia, nikaacha pale Sh 38,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kodi ya chumba.

Mtoto alipona. Nakwambia mapema ili usome bila wasiwasi. Ila shemeji ni mjamzito, na ameapa mbele ya mama mkwe wake kwamba pale hatakanyaga tena. Anasema siku zake zikifika atamwita bibi mmoja wa mtaa wa pili ambaye huzalisha watu chumbani kwa taa ya chemli. Hilo ndilo lililonifanya nichukue daftari na kalamu.

KIJIWE KIKANYAMAZA

Siku ile nilifika kijiweni nikifoka, na kumbe kila mtu alikuwa na lake. Fundi simu mmoja alisema aliwahi kwenda na ugonjwa wa zinaa, akaulizwa pale pale dirishani, foleni nzima ikisikiliza, kaupata wapi na mwenzake ameshamwambia. Aliondoka bila dawa na tangu hapo anajitibu dukani kwa kubahatisha. Muuza mitumba alisema mama yake mdogo alipigwa kofi akiwa kwenye uchungu. Tukawa tunashindana nani kaonewa zaidi, kama tunavyoshindana kwa mabao ya Simba na Yanga.

Ndipo dereva mmoja wa bodaboda akauliza, "Unamsema yule mwembamba mwenye miwani? Yule namrudisha mimi kwake. Jumatatu hiyo unayoisema alikuwa hajalala, aliingia Jumapili asubuhi. Mwenzake wa zamu aliitwa semina. Usiku alizalisha wawili peke yake. Na mimi hanilipi taslimu, ananilipa mwisho wa mwezi, na mwezi uliopita alinilipa nusu."

Kijiwe kikanyamaza. Mimi, nikiwa na hasira zangu, nilijibu kwamba hayo hayamhusu shemeji yangu. Bado naamini kwa kiasi fulani kwamba hayamhusu. Lakini mwandishi anayesikia jambo kama hilo akalipita hafai kushika kalamu.

NDANI YA GETI NA NJE YA GETI

Kwa wiki mbili nilikaa kwenye benchi la zahanati ile, siku nyingine asubuhi, siku nyingine mchana. Nikajifanya namsubiri mtu. Nilizungumza na wagonjwa na jambo la kwanza nililojifunza ni hili: ukimuuliza mgonjwa ndani ya geti, anakwambia "wanajitahidi, namshukuru Mungu." Mfuate huyo huyo hadi kituo cha daladala, hatua mia mbili tu kutoka pale, anakumwagia yote.

Sababu haihitaji profesa. Mama yule atarudi wiki ijayo na mtoto yule yule kwa nesi yule yule. Unategemea aseme nini? Kwa hiyo bwana mkubwa yeyote anayetumwa na fomu ya "umeridhika, hujaridhika" akasimama mlangoni atapata asilimia nzuri sana za kupeleka Dodoma, na waziri atazisoma bungeni huku wenzake wakigonga meza.

Sanduku la maoni lipo, limepigiliwa ukutani karibu na choo. Lina kufuli lenye kutu. Nilipouliza ufunguo, mhudumu alicheka na kuniambia aliondoka nao mganga mfawidhi aliyehama.

Na huko kituo cha daladala wagonjwa hawakudai makubwa. Hakuna aliyetaja ghorofa wala mashine ya mamilioni. Walitaka wasitukanwe. Walitaka mlango ufungwe wanapoeleza ugonjwa wa siri. Walitaka dawa iwepo, na kama haipo waambiwe asubuhi kabla hawajakaa foleni saa tano. Mzee mmoja mstaafu wa reli alisema, "Angenishika tu mkono ajue kwamba nina homa, ningeridhika hata kama dawa hana." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi.

Wala msidhani haya ni mageni. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Lucy Gilson na wenzake kuhusu wananchi wa mkoa wa Morogoro na huduma zao za afya za msingi. Malalamiko yao yalikuwa dawa kukosekana na wahudumu kuwa na lugha mbaya. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni watu wazima wenye watoto wao, nao wamekaa kwenye benchi lile lile wakilalamika yale yale.

NESI NAYE ANA KINYWA

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Watumishi wanaogopa mwandishi kuliko ukoma. Niliopata kuzungumza nao walitaka tukutane mbali na kazini, na wote niliwaahidi kutotaja majina.

Ikama ya serikali yenyewe, iliyotolewa mwaka 2014, inasema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Pale nilipokaa mimi kwa hesabu yangu wapo sita, na kati ya hao mmoja yuko likizo ya uzazi na mwingine kila wiki yuko semina au kampeni ya chanjo. Wanaobaki wanapokea wagonjwa, wanazalisha, wanachanja, wanashauri wenye virusi, halafu jioni wanaanza kazi ya pili: kujaza vitabu vya MTUHA, kimoja baada ya kingine. Tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo mwaka wa fedha 2017/18, jambo ambalo kwa haki nasema ni zuri, mganga mfawidhi amegeuka pia mhasibu na ofisa ugavi. Mtu alisomea kutibu malaria, sasa anakesha akitafuta risiti ya mifagio kwa ajili ya mkaguzi.

Mkunga mmoja aliniambia usiku mmoja mama alimfia mikononi, damu haikukata na gari la wagonjwa lilichelewa. Alinawa mikono, akavaa glovu nyingine, akaingia kwa mama wa pili aliyekuwa tayari anasukuma. Hakuna aliyemwambia pole. Kesho yake iliitishwa kamati, akaulizwa maswali kama mtuhumiwa wa ujambazi. "Tangu siku ile," alisema, "sitaki kujua jina la mgonjwa. Nikijua jina siwezi kufanya kazi." Nilimuuliza kama ndiyo sababu anawaita "wewe wa kitanda namba mbili." Hakunijibu.

Ugonjwa huo wa mkunga una historia yake. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, na mwenzake walitoa kipimo cha kuupima uchovu wa kazi. Waliugawa sehemu tatu: mtu anakwisha nguvu za moyo, anaanza kuwaona watu anaowahudumia kama vitu, na mwisho anajiona yeye mwenyewe hana faida. Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua kuwa ni jambo linalotokana na kazi, likauingiza mwaka 2019 katika orodha yake. Sasa rudi kwenye ile kauli ya "serikali ndiyo baba wa watoto," uipime hapo. Nesi yule hakuwa anamwona shemeji yangu. Aliona daftari la thelathini na moja.

ZIARA ZA KUSHTUKIZA: SINEMA YA BURE

Sasa tufike kwa wakubwa wetu. Wao dawa yao ya lugha chafu wameipata zamani: ziara ya kushtukiza. Kiongozi anatua na msafara wa mashangingi, kamera mbele, anamkuta nesi anakula mihogo stoo, anamsimamisha kazi hapo hapo. Wananchi wanapiga makofi. Jioni tunaiona kwenye taarifa ya habari na kwenye simu zetu, na sisi vijana ndio tunaongoza kuisambaza. Mtindo huu ulipamba moto baada ya 2015, enzi za kutumbua majipu, na mpaka leo kuna wanaoutamani.

Je, unaleta nini? Hapa naomba utulie, maana lipo jibu, tena lilipatikana hapa hapa nchini. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifanya kazi mkoani Arusha, wakatoa matokeo yao mwaka 2006. Waliwauliza wagonjwa wanaotoka kwa daktari: alikuuliza nini, alikupima nini, alikueleza nini. Waliwauliza waliotibiwa kabla mtafiti hajaingia chumbani, na waliotibiwa akiwa ameketi pale anaangalia. Mtafiti alipoingia, daktari yule yule alianza kutibu vizuri zaidi. Aliuliza na kupima zaidi. Lakini baada ya wagonjwa kama kumi hadi kumi na watano, huku mtafiti bado kakaa pale pale, alirudi kwenye kiwango chake cha mwanzo.

Msomaji, umeona? Kwanza, maarifa anayo. Kumbe yule tabibu ambaye hakumvua mtoto wetu shati anajua kabisa kwamba alipaswa kumvua. Pili, jicho la mkubwa linafanya kazi kwa wagonjwa kumi na watano. Zahanati yetu inapokea idadi hiyo kabla ya saa tatu asubuhi! Mheshimiwa na kamera zake hajafika hata nyumbani, mambo yamesharudi yalivyokuwa, isipokuwa sasa pengo la mtumishi mmoja limeongezeka, na waliobaki wamejifunza kuogopa kamera. Kumpenda mgonjwa hakuna aliyewafundisha.

Ndiyo sababu jina la zahanati ile nimeliweka kapuni. Nikilitaja Jumatano, Alhamisi utaona msafara. Watakaobaki pale ni watano.

HAWA NDIO WALIOWAGOMBANISHA

Tusikae tunamtafuta mchawi kwenye kibuyu wakati nyayo zake ziko uani. Mwaka 1978 kule Alma Ata, dunia nzima na sisi tukiwamo tulikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo nguzo. Mwaka 1993 tukaambiwa mambo magumu, mwananchi achangie, na sera ya kuchangia gharama ikaanza katika hospitali. Mwaka 2001 kule Abuja wakuu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwenda kwenye afya. Fungua vitabu vya bajeti vya miaka iliyofuata uone kama asilimia hiyo inakaribia hata kwa darubini. Ukaja mpango wa MMAM, 2007 hadi 2017: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Majengo yakaota. Julai 2021 wakatukata tozo kwenye miamala ya simu, hata ile elfu tano unayomtumia mama kijijini, wakasema zinakwenda kwenye madarasa na vituo vya afya. Majengo mengine yakaota, yakapigwa rangi, yakazinduliwa kwa ngoma na vitenge.

Nani yumo ndani ya majengo hayo? Serikali yenyewe kwa miaka mingi imekiri kwamba upungufu wa watumishi wa afya ni takriban nusu ya wanaohitajika. Nusu! Hebu fikiria timu inaingia uwanjani na wachezaji sita, ikifungwa kocha anamfokea kipa. Na badala ya kujaza pengo, mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa pamoja na kupandisha watu madaraja. Mwaka 2017 likaja zoezi la vyeti, ambapo majina 9,932 yalitangazwa Dodoma. Mwenye cheti cha kughushi aondoke, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba wauguzi na wahudumu waliokuwamo humo waliondoka na viti vyao vikabaki vitupu kwa muda mrefu, na mzigo wao akabebeshwa yule mwembamba mwenye miwani.

Wakati huo huo, hapa hapa kijiweni, kuna mshikaji wetu mwenye stashahada ya utabibu. Amefaulu, amesajiliwa, anaendesha bajaji. Mwingine ana cheti cha uuguzi, anajitolea kituo cha afya kwa nauli, tena si kila mwezi anaipata. Nchi ina zahanati zisizo na matabibu na matabibu wasio na zahanati. Kijana wa mjini ukisikia hivyo usiseme ni habari za akina mama. Huyo ni wewe, ada yako aliilipa mzee wako kwa kuuza ng'ombe.

Nao wahudumu wakisema, tunajua yanayowapata. Mwaka 2012 madaktari waligoma, madai yao yakiwa pamoja na maslahi na vifaa vya kutibia. Usiku wa Juni 26 kiongozi wao, Dk Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa, akatupwa msitu wa Mabwepande. Madaktari wa mazoezi wakaondolewa vituoni. Sisi wananchi tulikuwa upande gani? Wengi tulisema madaktari wana roho mbaya, wanaacha watu wafe. Watu walikufa kweli na sitaki kulifuta hilo. Lakini waliojifunza somo siku zile ni watumishi wote hadi yule wa zahanati ya mwisho: ukiwa na kero, imeze. Aliyemeza kero miaka yote hiyo lazima ataitapika, na wa kumtapikia aliye karibu ni mgonjwa.

Ukienda wizarani kuulizia watumishi wa zahanati unaambiwa hao wako chini ya TAMISEMI. TAMISEMI unaambiwa nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi anasubiri kibali cha ajira kutoka juu. Juu ni wapi, hakuna anayekuonyesha ngazi.

TUZO NI YA NANI?

Nisionekane sioni mazuri. Takwimu za serikali zinasema vifo vya akina mama kutokana na uzazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa mujibu wa utafiti wa 2015/16, na vimeshuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Ni jambo kubwa. Februari 2025 Rais alikabidhiwa hapa Dar es Salaam tuzo ya Global Goalkeeper ya Gates Foundation kwa ajili ya kazi hiyo, picha tukaziona.

Mimi nauliza tu: ni nani aliyemshusha mama yule kwenye kitanda saa tisa usiku, akamkata kitovu mtoto kwa tochi ya simu? Ni watu hawa hawa ambao tunawaita wanyama. Mkunga niliyezungumza naye alikuwa na madai ya posho za masaa ya ziada ya muda mrefu, na barua ya kupanda daraja iliyokaa mezani mpaka ikapauka. Nilimtajia ile tuzo. Alisema aliiona kwenye simu ya mgonjwa.

Na zile nyota je? Mwaka 2015/16, chini ya Matokeo Makubwa Sasa, vituo vya msingi vilipimwa na kupewa nyota kama hoteli, na kiasi cha theluthi moja havikupata hata nyota moja. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifike nyota tatu ifikapo 2018. Lengo halikufikiwa, na sijasikia mkubwa hata mmoja aliyepungukiwa usingizi.

USINISOME VIBAYA

Najua kuna atakayesema huyu kijana amehongwa chai na manesi. Kwa hiyo niseme wazi. Kutukana mgonjwa ni kosa. Kumpiga mama mwenye uchungu ni jinai, na anayefanya hivyo apelekwe kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga na mahakamani, kwa utaratibu, na akiwa na haki ya kujieleza. Kuuza glovu za serikali ni wizi. Nimemwona kwa macho yangu mhudumu mmoja pale akimwambia mama wa mtoto mchanga kwamba dawa haipo, kisha baada ya "maongezi" nyuma ya jengo dawa ikapatikana. Mtoto chini ya miaka mitano, kwa sera, hatakiwi kulipa hata senti. Huyo uchovu haumwokoi. Na wapo pale pale, kwenye shida ile ile na mshahara ule ule, watumishi wasiotukana. Kuna mama mmoja wa usafi ambaye wagonjwa humtafuta yeye awape habari, kwa sababu tu anajibu taratibu.

Hata sisi wanaume tuna yetu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2016/17 ulionyesha wanaume wenye virusi wanaojua hali zao ni wachache kuliko wanawake. Tunaogopa foleni ya khanga, tunaogopa kuulizwa. Tunasubiri mpaka tubebwe. Halafu tukibebwa tunamtaka nesi atupokee kama wafalme, tena saa nane usiku, tukiwa tumelewa na kidonda cha pikipiki. Mkunga wangu aliniambia anaowaogopa zaidi si akina mama, ni sisi. Mwezi wa kwanza alitukanwa matusi ya nguoni na kijana aliyeletwa na wenzake wanne, mmoja wao akiwa na chupa iliyovunjika mkononi. Mlinzi wa zahanati hakuwapo, mkataba wake ulikwisha.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Vizuri. Kadi utapewa, utaivaa hata shingoni ukitaka. Utaipeleka dirisha gani, kwa mtumishi wa ngapi kati ya wale sita?

Ninachodai mimi ni kidogo, na hakihitaji mfadhili wala semina Bagamoyo. Pale getini, karibu na ule ubao wa "Huduma kwa Mteja," kiandikwe kwa rangi: zahanati hii inatakiwa kuwa na watumishi 15, leo wapo kadhaa, na wanaidai serikali kiasi fulani. Kiandikwe dawa zilizopo na zisizokuwapo kabla ya saa mbili asubuhi. Kufuli la sanduku likatwe, na barua zisomwe na kamati ya zahanati mbele ya watu, za wagonjwa na za watumishi pia, maana nao hawana pa kuandikia. Aone mama aliye kwenye foleni kwa nini ni ndefu, ajue wa kumlaumu na anwani yake.

Juzi nilimweleza shemeji habari za yule nesi, kwamba siku ile alikuwa hajalala. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Kisha akaniuliza, "Na mimi nilikuwa nimelala?"

Sikuwa na la kumjibu. Ana ujauzito wa miezi saba na nusu. Kaka amerudi kutoka safari, anataka aende hospitali ya wilaya, nauli na vifaa wanavihesabu. Bibi wa mtaa wa pili ameshapita mara mbili kumwangalia tumbo. Nami Jumatatu asubuhi nitakwenda na shemeji hadi kwenye geti la zahanati ile, akikubali, tumtafute yule mwenye miwani kabla foleni haijaanza.